Mashine ya Mtani Wangu

Kwa miaka sita nilijua ni saa ngapi kijiji chetu kinapiga pasi, ni saa ngapi seremala anawasha randa yake, na ni jioni gani kuna mpira kwenye televisheni, bila kutoka nilipokaa. Sikuwa mmbea. Nilikuwa naangalia mshale wa mita, na mshale ulinisimulia yote.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kibanda cha matofali bondeni, chini ya kijiji. Kijito kinachotoka kwenye mapango ya vilima vyetu vya Matumbi kiliingizwa kwenye bomba, kikashushwa kwa nguvu hadi kwenye gurudumu la chuma, na gurudumu likazungusha jenereta. Kutoka hapo nyaya zilipanda mlima hadi kwenye nyumba, msikiti, kanisa dogo, zahanati na mashine ya kusaga. Nguzo za gridi ya taifa wakati huo zilikuwa zimeishia kule chini kwenye barabara kuu ya pwani. Tulikuwa tunazipita tukienda Nangurukuru, tunaziangalia, tunarudi vilimani kwenye umeme wetu wa maji.

Watu hudhani shida ya umeme ni kuupata. Shida yenyewe ni kwamba hauwekwi kwenye debe. Ule unaotoka kwenye gurudumu sasa hivi, lazima mtu aule sasa hivi. Watu wakila kuliko maji yanavyotoa, taa zinafifia na friji zinakoroma. Hilo kila mtu analijua na kila mtu alinitukana kwa ajili yake. Wasilolijua ni kwamba wakila kidogo mno ni hatari zaidi. Maji hayapunguzi mwendo eti kwa sababu mmezima redio. Gurudumu linakimbia kama limefunguliwa kamba, volti zinapanda, na chochote kilichobaki kwenye soketi kinaungua.

Dawa yake ilikuwepo. Ndani ya kibanda kulikuwa na pipa la maji lenye hita tatu, tuliliita Mla Makombo. Umeme ukizidi, ule wa ziada ulikwenda wenyewe kuchemsha maji ya pipa, na kijiji hakikujua lolote. Masika ya mwaka ninaousimulia hita mbili ziliungua, na vipuri vilikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam. Kamati ya umeme ikaniuliza kama tuzime mtambo mpaka vifike. Nikasema hapana, nitauongoza kwa mkono. Nilisema kwa kiburi, nakiri. Nilikuwa mwanamke pekee fundi katika vilima vile na sikutaka kuonekana nimeshindwa na pipa.

Kwa kweli mikono ilikuwa ya watu wawili, wangu na wa mzee wa mashine ya kusaga. Vali yangu kubwa ya maji ilikuwa na ugonjwa wake: ukiifunga chini ya theluthi, gurudumu linatetemeka hadi kibanda kinalia. Kwa hiyo kulikuwa na kiasi cha umeme ambacho lazima kiliwe, mtu apende asipende, na mlaji pekee mwenye tumbo hilo mchana alikuwa mota ya mzee yule. Tukapatana. Kabla ya kuwasha ananipigia simu: "Fundi, nawasha." Mimi namjibu, "Washa, mzee," nafungulia maji. Akitaka kumaliza ananipigia tena: "Fundi, nazima." Namwambia, "Zima, mzee," naye anaacha nafaka ipungue polepole kwenye mashine huku mimi nazungusha vali kuifunga. Siku nzima tulikuwa hivyo, yeye juu, mimi chini, na kijiji kizima katikati yetu hakikuunguza hata balbu.

Nimesema hivyo kana kwamba tulikuwa tunazungumza kwa heshima. Hatukuwa. Ukoo wake na ukoo wa baba yangu ni watani tangu mababu, na mtani kwetu ana ruhusa. Alikuwa akiniambia, "Fundi, nazima, umeme wako leo mvivu kama baba yako." Nami humjibu, "Zima, mzee, ukaoge, unga umekuingia hadi kwenye akili." Jina lake kwenye simu yangu niliandika Mtani, basi. Alikuwa na umri wa kuwa babu yangu na nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha tukaanza kutukanana.

Na mtani kwetu ana kazi yake siku ya msiba. Wafiwa wanalia, mtani anacheka. Anavaa nguo za marehemu, anasema kwa sauti yake, anakwenda mwendo wake, na akitaka analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu utotoni na sikuwahi kuyafikiria sana.

Siku ninayoizungumzia, mdogo wangu wa kike alijifungua alfajiri pale zahanati, mimba ikiwa ya miezi saba. Mtoto wa kiume, njiti. Nilipofika, nesi alikuwa amemfunga kwenye vitenge na pamba, amemwekea kijibomba puani kutoka kwenye mashine ya oksijeni, na mashine ilikuwa inahema kwa ajili yake. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko ngumi yangu. Ubavu ulikuwa unaingia ndani kila anapovuta pumzi.

"Lazima aende hospitali ya wilaya," nesi aliniambia. "Gari la wagonjwa limeshaondoka Masoko, lakini unajua barabara yetu na mvua hizi. Mpaka lifike, anaishi kwa mashine hii." Akagonga mtungi wa chuma uliosimama pembeni. "Huu ni wa dharura, na umebaki kidogo. Una saa moja ndani yake, labda. Fundi, umeme usikatike leo."

 Mdogo wangu alinishika mkono wa gauni akawa ananiangalia tu.

"Hautakatika," nikasema.

Nilishuka bondeni nikiwa nimebeba neno lile. Saa mbili nilimpigia mzee, nikamwamkia, nikamweleza.  Akasema, "Mtani mpya kaja? Basi leo nasaga mpaka makopa ya muhogo ya kijiji kizima yaishe, apumue vizuri. Akikua atanipa kuku. Fundi, nawasha."

"Washa, mzee."

Mshale ukakaa volti mia mbili thelathini, ukatulia. Kwa saa nzima na nusu sikutoka mbele yake. Hata chai sikunywa.

Saa tatu na nusu mshale ulipanda ghafla. Hakukuwa na simu, hakukuwa na onyo. Gurudumu lilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena, balbu ya juu ya kichwa changu ikapasuka, vioo vikanidondokea kwenye kilemba, na mimi nilikuwa tayari nimeirukia vali naizungusha kwa mikono miwili. Masika maji yanasukuma. Vali ile ilikuwa inataka mizunguko mingi na kila mzunguko ulikuwa mzito. Kabla sijafika nusu, swichi ya usalama ikajikata yenyewe. Kijiji kizima kikazimika.

Nilijua kitu kimoja tu: mzee amezima mashine bila kunipigia. Hasira zilinipanda hadi macho yakaniuma. Kwa miezi miwili hakuwahi kusahau, na leo, leo ndiyo anasahau! Nikamaliza kufunga vali, nikatoka nje, nikapanda juu ya jiwe mahali mtandao unapopatikana, nikapiga. Simu ilipopokelewa sikungoja mtu aseme halo.

"Wewe mzee, umekufa?"

 Nikasikia sauti ya mkewe, ya chini, haina machozi bado.

"Ndiyo, mwanangu. Amekufa. Ameangukia hapa hapa kwenye mashine. Amevuta swichi akaanguka nayo."

Nilikaa juu ya lile jiwe. Nadhani nilisema "Inna lillahi." Sikumbuki kama nilimwomba radhi wakati ule, na nimejiuliza mara nyingi. Ninachokumbuka ni simu ikilia tena mkononi, na safari hii ni nesi.

"Nimemfungulia mtungi," alisema. "Fundi, saa imeanza."

Nikarudi ndani. Nilifungulia maji theluthi, nikangoja gurudumu lishike mwendo, nikarudisha swichi kuu. Mshale ulipanda: mia mbili thelathini, hamsini, sabini. Nikakata. Nikajaribu tena, nikiiminya vali hadi kibanda kikaanza kutetemeka. Ikawa vilevile. Hita moja iliyobaki ilikuwa inachemsha pipa kwa hasira na haitoshi. Umeme ulikuwa unatoka na hakuna mtu anayeula. Sikuelewa. Hata bila mashine ya kusaga, asubuhi ile kulikuwa na randa ya seremala, friji za soda, redio, pasi, mashine mbili za kuchomelea vyuma. Wote walikuwa wamekwenda wapi?

Nikampigia seremala. "Fundi, hujasikia?" alisema kwa kunong'ona. "Kuna msiba. Nimezima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akifa, hakuna nyumba inayotaka kuwa ile inayonguruma. Redio inazimwa, nyundo inawekwa chini, friji inachomolewa kwa sababu ina mlio. Hakuna anayeamrisha, habari inapita mlango hadi mlango na mikono inaenda kwenye swichi. Waislamu wanafanya hivyo na Wakatoliki wa kule kanisani wanafanya hivyo. Hata mimi ningefanya. Kijiji kizima kilikuwa kimezima kila kitu kwa heshima ya mzee wa mashine, na heshima ile ilikuwa inamnyima pumzi mtoto wa mdogo wangu.

Nilifikiria kuwapigia mmoja mmoja. Muda haukuwepo, na wengi walikuwa wameshaenda msibani; mlaji mmoja wa kutosha peke yake alikuwa mashine ya kusaga. Nikafunga maji, nikapandisha gauni juu ya suruali, nikaanza kukimbia mlimani. Udongo mwekundu wa masika unateleza. Nilianguka mara mbili na goti likachubuka. Njia nzima nilikuwa najiuliza maneno ya kusema. Unaingiaje msibani kwa mtu, maiti haijaoshwa, ukaomba wawashe mashine iliyokuwa mkononi mwake alipoanguka?

Wanaume walikuwa wameshakaa kwenye mikeka uani. Banda la mashine liko nyuma ya nyumba, hatua kumi tu, na mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilivua viatu nikaingia ndani kwa wanawake. Mjane alikuwa ameketi ukutani, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Pembeni yake alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mtani kama mimi, na mwanamke mwenye mdomo kuliko wote ninaowajua. Siku ile alikuwa analia kimyakimya kama mtu mwingine yeyote. Hakuwa ameanza utani wake bado. Wala hakuwa na habari kwamba umeme unamhusu mjukuu wake.

Nilipiga magoti. "Mama, nisamehe nilivyosema kwenye simu."

"Wewe mtani," alisema mjane. "Ungesema nini kingine?" Akanitazama goti. "Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza. Nilisema vibaya, maneno yalikuwa yanagongana: mtoto, mtungi, gurudumu, vali, hakuna mlaji. Nusu yake nina hakika hakuielewa. Kaka wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni akasikia.

"Mashine ingurume," alisema polepole, "na ndugu yangu hajapata hata maji ya kuoshwa?"

 Nilitamani kumwambia kwamba nilimpenda ndugu yake, kwamba nilizungumza naye kila siku kuliko nilivyozungumza na mtu yeyote hapa duniani.  Shangazi alikuwa ameacha kulia, ananikazia macho. Dakika zilikuwa zinapita na kila moja ilikuwa inatoka kwenye ule mtungi.

Mjane alifungua fundo la kanga yake. Ndani kulikuwa na ufunguo. Mkono wake ulikuwa na unga bado, wa kumwinua mumewe.

"Mfiwa hawezi kuiwasha mashine ya marehemu," alisema, akimjibu shemeji yake bila kumwangalia. "Lakini mtani hakatazwi kitu." Akampa shangazi ufunguo. Kisha akanigeukia mimi. "Simu yake ninayo. Nilikuwa namsikia kila siku anavyokupigia. Rudi kazini kwako, nitakupigia mimi. Lakini jeneza likitoka, Fundi, siwezi tena. Haliwezi kutoka kwa ngurumo. Baada ya adhuhuri anazikwa."

"Nimeelewa, mama."

Nilipokuwa navaa viatu nilimwona shangazi anatoka uani amevaa kofia ya mzee na lile koti lake jeupe kwa unga. Alikuwa anatembea kwa mguu mmoja kuburuta, kama alivyokuwa akitembea yeye. "Nani kawaambia leo hakuna kusaga?" alipaza sauti, na ilikuwa sauti ya mzee kabisa. "Haya, mwenye debe alete, mwenye makopa alete! Watu wanakuja kula msibani kwangu, mnataka wale mate?" Mtu mmoja akacheka. Kisha nikasikia wanawake ndani wakicheka na kulia kwa pamoja. Sikungoja. Nilikuwa nateremka mlima.

Nilifika kibandani sina pumzi. Nesi alikuwa amepiga mara tatu. Nilifungulia maji, gurudumu likashika, nikaweka mkono kwenye swichi kuu, simu nikaiegemeza dirishani, sehemu ya pili yenye mtandao, hafifu. Ikalia. Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa Mtani.

Nilijua ni nani. Hata hivyo mwili mzima ulinisisimka.

"Fundi," sauti ya mjane ilisema, kavu, kama mtu anayesoma, "nawasha."

"Washa, mzee," nikajibu. Ulimi ulitoka na mazoea yake. Hakunisahihisha.

Nikarudisha swichi. Mshale ulipanda hadi mia mbili hamsini, ukasita, kisha nikauona ukishuka. Kule juu mawe ya mashine yalikuwa yameanza kuuma mahindi. Mia mbili arobaini. Thelathini. Ukatulia. Nikampigia nesi.

"Imewaka," alisema. "Fundi, mtungi ulikuwa umeingia kwenye nyekundu."

Kuanzia hapo nilikuwa na adui mwingine, naye ni saa. Nesi aliniambia gari limekwama kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kijiji, limezama hadi ekseli. Dereva alikuwa anasukuma na wapita njia wawili. Jua liliposimama, adhana ya adhuhuri ilinifikia bondeni, hafifu, kwa kinywa cha mtu, maana kipaza sauti cha msikiti nacho kilikuwa kimezimwa. Watu wangerudi kutoka msikitini, maiti ingeswaliwa pale pale uani na kusomewa dua ya mwisho, kisha jeneza lingetoka. Jeneza likitoka, mashine inazimwa. Mashine ikizimwa, mtoto ana mtungi mtupu.

Nilikaa mbele ya simu nikiiomba isilie. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile simu.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye, lakini nayaweka hapa kwa kuwa ndipo mahali pake. Jeneza lilipoinuliwa, shangazi aliwaachia wanawake wengine wa ukoo wetu mashine, akaja na kofia yake na koti lake, akaketi kwenye kizingiti cha uani, miguu ameinyoosha mbele. Wakamtolea pesa kidogo, kama ilivyo desturi. Akazirudisha. Wakamletea jogoo. Akamwachia aende zake. Mwalimu wa msikiti akamwambia kwa upole kwamba maiti haicheleweshwi.

"Alipokuwa hai," shangazi akasema, "alichelewesha unga wa kijiji hiki miaka thelathini. Leo haraka kaitoa wapi?"

Wanaume walicheka, wengine wakiwa wanajifuta machozi, na jeneza likiwa mabegani. Kaka wa marehemu hakucheka. Alimwuliza, kwa sauti ambayo watu waliniambia iliwatisha, anataka nini hasa.

"Nataka kusikia honi," alisema shangazi. Na hapo hakuwa anaigiza tena. Sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Wapita njia wanasema gari la kumchukua mjukuu wangu limezama pale mteremkoni. Nyie mna mabega, na kamba za kufungia magunia zimo bandani. Mkitaka mtani wangu atoke upesi, nendeni mkalitoe. Mimi sitainuka hapa mpaka lipite naye."

Yule kaka alisimama. Angeweza kumruka; mlango ulikuwa mpana. Alimtazama shangazi, akaitazama mashine inayonguruma nyuma ya nyumba. Kisha akashusha bega lake kutoka kwenye jeneza, akawaambia wenzake waliweke juu ya mkeka, akachukua kamba. Karibu wanaume wote walimfuata barabarani na kanzu zao.

Mimi chini sikuyajua hayo. Niliona tu kwamba saa saba imefika na simu haijalia. Saa saba na robo. Nusu. Nilianza kufikiri labda betri ya simu yake imekwisha, labda watazima bila kunipigia, kama asubuhi, na gurudumu litakimbia tena na litaunguza mashine ya oksijeni ikiwa imeunganishwa puani kwa mtoto. Nikasimama, nikashika vali kwa mikono miwili, nikakaa hivyo. Mabega yaliniuma. Mshale ulikuwa umetulia na mimi nilikuwa nimetulia nao, nimekodoa macho.

Simu ililia saa nane kasoro robo. Mtani.

"Fundi," alisema mjane.

"Mama, subiri! Usizime, mtoto bado—"

"Gari limepita hapa sasa hivi," akasema. "Nimelisikia likipiga honi. Mdogo wako yumo, nesi yumo, na mtoto kawekwa kwenye mtungi wao wa garini. Nesi kanipungia mkono dirishani. Wanasema alikuwa analia, mwanangu. Kalia kwa sauti."

Mtoto yule aliishi. Sasa ni mkorofi mwenye meno mawili ya mbele yasiyokuwepo, na mjane akipita anamdai kuku wa mumewe. Nguzo za gridi zimeshapanda hadi kwetu, na kijito chetu kinamwaga umeme wake kwenye nyaya zilezile zinazobeba maji ya mabwawa makubwa, gesi ya pwani na jua la paneli zilizo juu ya mabati ya watu. Mahali fulani mbali kuna chumba chenye watu wanaokaa usiku na mchana wakiangalia namba moja kwenye kioo, nchi nzima ikiwasha na ikizima. Kibanda changu kinajiongoza chenyewe. Naenda mara moja kwa wiki kutia grisi.

Lakini siku ile, simu ikipaza sauti pale dirishani na mikono kwenye vali, sikujua lolote la mbele. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja: kwamba asubuhi ile hakupata nafasi ya kunipigia. Miezi miwili hakukosa hata siku moja, na mara ya mwisho aliondoka bila kuniaga, nami nikamtukana. Kwenye simu nilisikia kinamama wakianza dua, na nyuma yao mashine, bado inasaga.

Mjane alivuta pumzi.

"Fundi," akasema, "nazima."

Nilishindwa kujibu mara moja. Alingoja. Hakuvuta swichi; alijua kwamba mumewe alikuwa hazimi mpaka ajibiwe.

"Zima, mzee," nikasema.

Mshale ukaanza kupanda, taratibu, nafaka ikipungua kule juu. Nikazungusha vali pamoja nao, kidogo kidogo, kama tulivyozoea, mpaka mashine yake ikanyamaza na gurudumu langu nalo. Hakuna taa ya mtu iliyoungua.